Kabla Hujamjibu Mtu Swali Kuhusu Akili Yake

Wiki iliyopita kijana mmoja anayemaliza shule ya sekondari aliniandikia ujumbe mrefu ambao kiini chake kilikuwa mistari miwili tu: "Dada, nataka kusoma saikolojia kwa sababu watu wote huniletea mambo yao, nami hupenda kuwajibu. Nifanye nini ili niwe na majibu kama wewe?" Nilifurahi, sitaficha. Lakini furaha ilipopoa, maneno hayo ya "majibu kama wewe" yalibaki yakinichoma, kwa sababu jibu nililolitoa kwa uhakika kuliko yote maishani mwangu ndilo lililonipotezea rafiki. Nimeona nimjibu hapa, kwa kuwa najua wengi wenu mnaonisoma mko katika fani hii au mnaitamani, na tayari mmeanza kuulizwa.

Nilianza shahada ya kwanza nikiwa na kiu hiyohiyo. Siku ya kwanza mhadhiri wetu aliuliza ni nani amekuja ili awaelewe watu, na ukumbi mzima ukanyoosha mikono. Akauliza tena ni nani amekuja kwa ajili ya takwimu, ikabaki mikono miwili, na mmoja wao, nilikuja kujua baadaye, ni wa kijana aliyekosea ukumbi. Sisi tulicheka, mhadhiri hakucheka.

Muhula haujaisha, nilikuwa nimekwisha kuwa mwanasaikolojia machoni pa ndugu na jamaa. Kila tulipokutana, mtu alijitokeza na kusema, "Haya, mtaalamu, nisome mimi." Nami niliwasoma. Shangazi yangu nilimtazama kwa makini, nikanyamaza kidogo kama nilivyodhani wataalamu hunyamaza, kisha nikamwambia kwamba mbele za watu anaonekana imara, ila akiwa peke yake ana wasiwasi mwingi kuliko wanavyodhani. Alishika mdomo kwa mshangao, akawaita wengine waje wasikie. Nililala usiku ule nikijiona nimejaliwa kipaji.

Kilichoniaibisha ni kusoma, miezi kadhaa baadaye, kuhusu jaribio la mwanasaikolojia Bertram Forer wa Marekani. Mwaka 1948 aliwapa wanafunzi wake 39 kipimo cha haiba, akamrudishia kila mmoja maelezo aliyodai yametokana na majibu yake, akawataka wayapime usahihi kuanzia 0 hadi 5. Wastani ulikuwa 4.26. Kisha akawafichulia kwamba wote walipewa karatasi yenye maneno yaleyale, mengi yakiwa yametolewa katika kitabu cha unajimu. Mojawapo ya sentensi hizo ilikaribiana mno na ile niliyomwambia shangazi. Sikuwa nimemsoma mtu yeyote. Nilikuwa nimesema jambo ambalo ni kweli kwa karibu kila mwenye nafsi, naye akajipachika ndani yake. (Shangazi hajui hadi leo, na akisoma hapa naomba anisamehe.)

Aibu hiyo ilipaswa kunitosha. Haikunitosha, kwa sababu kulikuwa na maswali mengine ambayo niliyajibu sawasawa, na kujibu sawasawa kunalevya. Watu waliniuliza kama ni kweli tunatumia asilimia 10 tu ya ubongo, nikawaeleza kwamba ubongo ni takriban asilimia 2 ya uzito wa mwili lakini hutumia karibu asilimia 20 ya nishati yake mtu akiwa amepumzika, na kwamba mwili haugharimii kiasi hicho kiungo ambacho sehemu yake kubwa imelala. Waliniuliza kama ninaweza kumtambua mwongo kwa macho yake, nikawaambia kwamba uchambuzi uliochapishwa mwaka 2006, uliojumuisha waamuzi zaidi ya 20,000, ulikuta watu wakitofautisha ukweli na uongo kwa usahihi wa wastani wa asilimia 54, yaani juu kidogo tu ya kurusha sarafu. Nilipendwa kwa majibu hayo. Mwaka wa pili ulikuwa wa takwimu na sina la kuusimulia, niliupita.

Sasa nifike kwa rafiki yangu. Tulikuwa na umri wa miaka 20 wakati huo, na tulikuwa tukishirikiana kila kitu. Usiku mmoja, karibu saa sita, aliniandikia: "Hivi mwenzangu, mtu anaweza kukumbuka jambo baada ya miaka 18?" Ana kovu la kuungua kwenye mkono wa kushoto, kuanzia kiwiko hadi karibu na kifundo, na alikuwa amekua akiambiwa kwamba birika la maji ya moto lilianguka. Siku ile mjomba wake alikuwa amefanya mzaha kwamba labda dada yake mkubwa alimwonea wivu akiwa mtoto. Tangu hapo, akasema, kila akifumba macho alimwona dada yake amesimama karibu na meza, maji yalipomwagika.

Nilikuwa kitandani, taa imezimwa, na nilijibu bila hata kuketi. Nilimwandikia: "Akili haisahau kitu, hukificha tu." Sentensi hiyo sikuisoma popote, niliitunga papo hapo kwa kuwa ilisikika vizuri. Kisha nikamuuliza: "Alikuwa na uso wa namna gani alipokumwagia?" Dakika chache zikapita, naye akajibu: "Sasa nikifikiri, alikuwa amekasirika."

Asubuhi alimpigia dada yake simu. Sitasimulia yaliyosemwa, kwa sababu si yangu kuyasimulia, ila ndugu hao wawili hawakuzungumza kwa miezi saba. Mwishowe mama yao alitafuta kadi ya kliniki aliyokuwa ameihifadhi miaka yote. Tarehe ya kuungua ilionyesha kwamba rafiki yangu alikuwa na umri wa mwaka mmoja na miezi kumi, na kwamba wiki hiyo dada yake alikuwa shule ya bweni, akifanya mitihani. Hakuwapo nyumbani kabisa. Wao walipatana. Mimi rafiki yangu hakunigombeza wala hakunitukana. Aliacha tu kunijibu, na mpaka leo, tukikutana kwa bahati mbaya, hunisalimu kwa adabu kama unavyomsalimu mwalimu wa zamani. Ningependelea anitukane.

Mwaka wa tatu nilichukua somo la kumbukumbu. Jioni moja nilikuwa maktaba nikisoma jaribio la wanasaikolojia Elizabeth Loftus na John Palmer la mwaka 1974, ambalo kila anayesoma saikolojia hulisoma na wengi hulikariri kwa ajili ya mtihani. Waliwaonyesha washiriki filamu za ajali za magari, kisha wakawauliza magari yalikuwa yakienda kwa kasi gani, wakibadilisha kitenzi kimoja tu katika swali. Walioulizwa kwa kitenzi chenye maana ya kupondana walikadiria kwa wastani karibu maili 41 kwa saa. Walioulizwa kwa kitenzi chepesi chenye maana ya kugusana walikadiria karibu maili 32. Katika jaribio la pili, wiki moja baada ya kutazama filamu, waliulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika. Filamu haikuwa na kioo chochote kilichovunjika. Kati ya watu 50 waliokuwa wamesikia kitenzi kikali, 16 walisema waliviona. Kati ya 50 waliosikia kitenzi cha kugongana cha kawaida, walikuwa 7.

Nilifunga kitabu, nikatoa simu, nikapandisha mazungumzo yetu ya usiku ule hadi nikayafikia. Yeye alikuwa ameandika "maji yalipomwagika". Mimi nilikuwa nimeandika "alipokumwagia". Lugha yetu inaruhusu jambo hilo kwa wepesi wa kutisha: unaondoa silabi hapa, unaongeza silabi pale, na ajali isiyokuwa na mtu tayari imepata mtenda na mtendwa. Nilisoma neno hilo moja mara nyingi. Jaribio la Loftus na Palmer lilikuwa na washiriki 150 katika sehemu yake ya pili. La kwangu lilikuwa na mmoja, na hakuwa amekubali kushiriki.

Kulikuwa pia na jambo ambalo swali moja la kawaida lingelifichua. Watu wazima wengi hawana kumbukumbu za matukio ya kabla ya umri wa miaka mitatu hivi, na aliyeungua akiwa hajatimiza miwili ni vigumu mno kuwa na picha ya tukio hilo kichwani, hasa picha yenye uso uliokasirika. Ningemuuliza, "Ulikuwa na umri gani?" tungekuwa na mazungumzo mengine kabisa. Sikuuliza, kwa sababu mwenye majibu haulizi.

Hapo ndipo ushauri wangu kwa kijana aliyeniandikia unapoanzia, na kwa kweli hauendi mbali sana na hapo: uliza kwanza. Mtu akikuletea swali kuhusu akili yake, jizuie kulijibu jinsi lilivyokuja, wala usilibadilishe kwa maneno yako. Mrudishie kwa maneno yake mwenyewe, kwa vitenzi vyake mwenyewe, na umuombe aendelee. Akisema "ilitokea", usiseme "alifanya". Akisema "nimechoka", usimwambie ana sonona. Neno utakaloliweka kinywani mwake atalitumia, na baada ya wiki moja atakuwa haukumbuki mlango lilioingilia.

Pili, sema umejuaje. Kuna tofauti kubwa kati ya jambo lililorudiwa na watafiti wengi kwa miaka mingi na jambo uliloliona katika utafiti mmoja uliovuma. Mwaka 2015 kundi kubwa la watafiti lilichapisha matokeo ya kurudia tafiti 100 za saikolojia, na ni asilimia 36 tu ya marudio hayo yaliyopata matokeo yenye uzito wa kitakwimu, yaani yasiyoelezeka kirahisi kwa bahati tu, ilhali karibu tafiti zote za awali zilidai kuyapata. Nilipoisoma taarifa hiyo nilihuzunika kama mtu aliyeambiwa kwamba nyumba aliyohamia ina nyufa. Leo ninaiona kuwa sehemu ya heshima ya fani yetu, kwa kuwa si kila fani hujikagua hadharani namna hiyo. Lakini aliyeruka somo la takwimu hawezi kuona ufa ulipo, na hapa ninawasema hasa nyinyi mnaoniandikia kwamba mnapenda saikolojia "ila si ile ya hesabu". Hakuna nyingine. Mimi niliupita mwaka wa pili kwa kubahatisha, na nikalazimika kurudi kuusoma upya, peke yangu, nilipoanza tasnifu.

Kumbuka pia kwamba tafiti huzungumzia wastani, ilhali aliyekuuliza ni mtu mmoja. Ukweli kwamba kundi fulani lilionyesha tabia fulani haukupi ruhusa ya kumwambia aliye mbele yako kwamba naye yuko hivyo. Muulize kwanza. Ninajua ninajirudia.

Wengine mmeniuliza nilisomaje mpaka nikafaulu, na ingawa swali hilo linanipa kichwa, jibu lake ni lilelile kwa sura nyingine: nilijiuliza. Wanasaikolojia Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walionyesha mwaka 2006 kwamba waliosoma maandishi tena na tena walikumbuka zaidi baada ya dakika 5, lakini baada ya wiki moja waliokuwa wamejipima kwa kujaribu kukumbuka ndio waliokuwa mbele. Kurudia kusoma hukupa hisia tamu ya kujua. Mimi niliishi ndani ya hisia hiyo miaka miwili mizima, na nilimjibu rafiki yangu nikiwa ndani yake.

Tena, si kila swali linalokuja kwa sauti ya udadisi ni la udadisi. Yapo yanayoanza na "nina rafiki yangu ambaye" na rafiki mwenyewe ndiye anayeongea. Mtu akikwambia halali kwa wiki kadhaa, au anasikia sauti, au haoni sababu ya kuendelea kuishi, shahada ya kwanza haikutoshi. Kaa naye, usimwache peke yake, msindikize kwa mtaalamu wa tiba, na udadisi wako uuweke mfukoni. Ninawaona baadhi yenu mkijiita washauri nasaha kabla hamjamaliza hata muhula. Acheni. Ninasema kwa ukali kwa sababu mimi sikuwa na aliyenikalipia.

Haya nilimwandikia kijana yule karibu yote, kwa upole zaidi kidogo, na nikamtumia. Alijibu baada ya saa mbili: "Asante sana dada, nimeelewa. Ila hujaniambia, nikimaliza nitaweza kujua mtu anafikiri nini?" Nilikuwa tayari nimeandika hapana, pamoja na ile asilimia 54 na Forer na mengine yote. Nikafuta. Nikamuuliza ni mawazo ya nani hasa anayotaka kuyajua.

Hadi ninapoandika haya, hajajibu.