Matairi usisubiri kiwavi

Ndugu, jirani yako hapo Ohio, Marekani, hakukutania alipokuambia umtazame kiwavi kwanza ndipo ujue kama utahitaji matairi ya theluji. Ni imani ya zamani huko: mkanda wa kahawia wa kiwavi mwenye manyoya ukiwa mwembamba, baridi itakuwa kali. Mwaka 1948 Dkt. C. H. Curran, mtaalamu wa wadudu wa New York, alianza kuwapima viwavi hao, na magazeti yakaivumisha habari. Lakini mkanda huo hupanuka kadiri kiwavi anavyokua, kwa hiyo unaonyesha umri wake, si baridi ijayo. Waonyeshe watoto kiwavi huyo, wampende: ncha zote mbili nyeusi, na akiguswa anajikunja duara. Ila matairi ya theluji nunua Oktoba, na makoti mazito ya watoto usiyaahirishe hata kidogo.