Barua kwa mwanangu Rehema: kitako cha bunduki nyepesi

Bombo

Mwanangu mpendwa Rehema,

Asalaam aleikum. Barua yako imenifikia pamoja na picha tatu. Mama yako aliziona kabla yangu, akauliza ni mfupa wa nani uliovunjika. Nikamwambia si mfupa, ni kitako cha bunduki, ile mbao inayobeba chuma, ingawa kwa mtu anayekula kwa kazi hiyo tofauti si kubwa.

Umeandika kwamba kitako cha mti wa mjozi cha bunduki yako nyepesi ya Ruger M77 kimeingia ufa nyuma ya mkia wa chuma, ule ulimi mwembamba ulio mwisho wa mwili wa bunduki, na kwamba mteja mmoja uliyemwongoza kwenye ranchi za huko Kiruhura amekushauri ukitupe na utafute cha laminati, yaani mbao ya tabaka zilizogundishwa, kwa kuwa hakivimbi masika wala hakipindi kiangazi. Unaniuliza kitapatikana wapi, na kama kitafaa. Maswali yote mawili nitayajibu, lakini nitaanza na lile ambalo hukuliuliza, yaani kwa nini hiki cha kwanza kimepasuka, kwa sababu usipolijua hilo utakipasua na cha pili, hata kama kimetengenezwa kwa mbao ya namna gani.

Itazame tena picha ya pili. Ufa unaanzia pale pale mkia wa chuma unapoishia, unateremka kuelekea mshiko, na kando ya mkia mbao imeng'aa kana kwamba imesuguliwa kwa ukucha. Mng'ao huo ndio ushahidi. Risasi inapotoka, chuma chote kinarudi nyuma kwa kishindo, na kishindo hicho kinatakiwa kupokewa na lile jino nene lililo chini ya mwili wa bunduki, ambalo limekaa ndani ya shimo lake katika mbao. Mbao ya shimo hilo ikishabonyea, au skrubu ya mbele ikilegea, jino halishiki tena mapema, na kazi yake inaangukia mkia, ambao ni mwembamba na umechongoka, nao unageuka kuwa kabari. Ukipiga kabari nyuma ya mbao mara hamsini, itapasuka tu. Kwa hiyo, kitako chochote utakachofunga, hakikisha nyuma ya mkia kuna nafasi ndogo, unene wa kadi ya simu unatosha, ili chuma kisiguse mbao mahali pale hata kidogo.

Usione haya kwamba imetokea mikononi mwako. Nilipokuwa kijana katika ghala la silaha la kituo kimoja, nilipewa bunduki ya Lee-Enfield ya .303 nibadilishe kitako cha nyuma. Nikaingiza bisibisi ndefu kwa nyuma, nikazungusha boliti kwa nguvu zangu zote bila kuondoa kwanza mbao ya mbele. Ncha ya boliti ile ni ya pembe nne na imeshikwa ndani ya mbao ya mbele, hivyo ilipozunguka ilizunguka nayo, na nikasikia mlio kama wa kuni kavu. Sajini wangu hakunitukana. Aliniletea gundi na kamba, akakaa kwenye kiti akanitazama mpaka magharibi.

Sasa laminati. Si plaiwudi ya dukani, ingawa ukiitazama kwa pembeni utadhani ni ndugu. Plaiwudi ya ujenzi hupangwa tabaka moja likikatiza jingine. Mbao ya vitako hutengenezwa kwa karatasi nyembamba za mti mweupe wa nchi za baridi, kila moja unene wa milimita 1.6 hivi, zikatiwa rangi, zikalowekwa gundi ya resini na kubanwa kwa joto na shinikizo, nyuzi zake nyingi zikielekea upande mmoja kama za mti wenyewe. Kwa kuwa kila tabaka linamzuia jirani yake asijikunje, kitako hakicheki wala hakinuni kwa hali ya hewa. Wajerumani walivitumia kwa wingi kwenye bunduki za Mauser 98k wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, si kwa urembo, bali kwa sababu mbao ya tabaka haihitaji kusubiri miaka ikikauka, na haipotezi nusu ya gogo kwa sababu ya vifundo. Kwa nchi yetu, ambako mvua za Machi hadi Mei hazijasahaulika kabla zile za Septemba hazijaanza, ushauri wa mteja wako si wa kipuuzi.

Ila hakukwambia bei yake, na sisemi ya fedha. Laminati ni nzito. Bunduki yako ikiwa tupu ina uzito wa kilo 2.7 hivi, na ndiyo sababu uliichagua. Kitako cha laminati cha umbo la kawaida mara nyingi huwa kati ya kilo 1.1 na 1.4, na chako cha mjozi, kilivyo chembamba, hakifiki huko. Kiondoe, ukipime kwenye mzani wa duka la sukari, kisha ulinganishe na uzito uliotajwa na muuzaji kabla hujalipa. Nyongeza ya gramu 300 hadi 500 si ajabu, na wewe unatembea tangu alfajiri hadi saa tano ukifuata swalapala kwenye vichaka vya miiba. Kwa upande mwingine, uzito huo huo unapunguza teke, na risasi yako ya .308 ndani ya bunduki ya kilo 2.7 inapiga teke kwelikweli. Nakumbuka bega lako siku ile ya kwanza. Ungekuwa unapiga ukiwa umekaa kwenye gari, nisingesema neno. Kwa anayetembea, laminati nene huiondolea bunduki nyepesi maana yake.

Ukiamua kununua, basi tafuta umbo jembamba lenye mkono wa mbele uliochongwa mwembamba, na uviepuke vile vitako vya kurekebisha shavu na urefu kwa vitufe, maana vyuma vyake vinaongeza uzito zaidi. Tena mikono yako si mirefu kama yangu. Vitako vingi hutoka na urefu wa inchi 13.5 au zaidi kutoka triga hadi mwisho, nawe unanyoosha shingo kama korongo ili uone ndani ya darubini. Agiza kilichofupishwa, au ukilete hapa nikikate. Ukikipunguza nusu inchi utapata na nafuu kidogo ya uzito.

Jambo linalowapotezea watu fedha zaidi ni hili: jina la M77 halitoshi. Bunduki hiyo ilitoka mwaka 1968, na yako ni ya kizazi hicho cha kwanza, kwa kuwa kizuizi chake cha usalama ni kile cha kusukuma kwa kidole gumba juu ya mkia. Mark II iliyofuata ilihamishia kizuizi upande wa kulia, nyuma ya boliti ya kupakia risasi, na umbo la mkia likabadilika. Kitako cha Mark II ukikiletea bunduki yako hakitakaa, na ukikilazimisha kwa patasi utarudi kwenye ufa ule ule. Mwandikie muuzaji mambo manne: kwamba kizuizi kiko juu ya mkia; kwamba mwili ni mfupi, wa .308, si ule mrefu wa risasi ya .30-06; kwamba mtutu ni ule mwembamba wa inchi 20, na kwamba magazini ina kifuniko cha bawaba chini. La mtutu wanalidharau wengi. Mfereji uliochongwa kwa mtutu mnene utafunga vizuri tu, lakini utaacha pengo pande zote mbili ambamo majani, vumbi na kupe watajenga nyumba.

Hata Kampala sijapata kuona duka lenye kitako hicho kwenye rafu. Watengenezaji wako Marekani. Anayejulikana zaidi ni Boyds wa Mitchell, jimbo la South Dakota. Usishangae ukikuta rangi fulani hazipatikani tena: Agosti 2014 kiwanda cha Rutland Plywood huko Vermont, kilichokuwa kikiwauzia mafundi wengi mbao hizo za tabaka, kiliteketea kwa moto, na wengi wakalazimika kutafuta chanzo kingine. Kabla hujaagiza, nenda makao makuu ya polisi Naguru na cheti chako cha umiliki, ueleze kwa maandishi kwamba unaingiza kitako cha mbao cha bunduki iliyosajiliwa, na usubiri jibu lao kwa maandishi. Namba ya bunduki imo kwenye chuma, haimo kwenye mbao, lakini afisa wa forodha akiona umbo lile kwenye eksirei hataanza kwa kukuuliza habari za namba. Na Wamarekani nao wana masharti yao juu ya vipuri vya bunduki vinavyotoka nje, ambayo yamekuwa yakibadilika, kwa hiyo mwulize muuzaji kama anatuma Uganda kabla hujampa shilingi.

Kuna watakaokwambia uchongewe cha muvule mtaani. Usikubali. Muvule una nyuzi zinazopishana na mara nyingi una vijiwe ndani yake vinavyokula meno ya randa. Ni mti mzuri wa milango.

Kikifika, usikifunge peke yako. Hivi ndivyo tutakavyofanya hapa, bunduki ikiwa imeshakaguliwa chumba na magazini mara mbili. Nitayeyusha rangi ya mdomo ya mama yako, ile nyekundu anayoificha, nipake jino na mkia, nishushe chuma ndani ya mbao, nikiinue tena. Penye rangi ndipo chuma kinapogusa. Jino ligonge upana wake wote nyuma. Mkia usiache hata alama. Penye doa pasipostahili nitapitisha tupa ndogo, kidogo kidogo, na hiyo ni kazi ya mchana mzima. Skrubu ya mbele ya Ruger imelala kimshazari na inavuta chuma chini na nyuma kwa pamoja, kwa hiyo hukazwa ya kwanza na hukazwa hasa. Ya nyuma hufuata, na ya kati huguswa tu, kwani ukiibana sana inaupinda mwili wa bunduki. Mwishowe tutapitisha noti ya shilingi 1,000 kati ya mtutu na mbao ili tujue pana nafasi, ingawa viwanda vingine huacha mbao iguse mtutu karibu na ncha kwa makusudi. Popote tutakapokata, hata ndani ya matundu ya skrubu, lazima tupake vanishi, kwa kuwa laminati iliyokatwa bila kufunikwa inakunywa maji kama mbao nyingine.

Lakini ukiniuliza ningefanya nini kama bunduki ingekuwa yangu, ningekirekebisha hiki cha mjozi. Ufa haujavuka mshiko. Nikiufungua kidogo kwa kabari ya mwanzi, nikausafisha mafuta kwa asetoni, nikaingiza gundi nyembamba ya epoksi na kupitisha kijiti cha chuma chembamba kwa upande, kisha nikalitengenezea jino kitanda kipya cha epoksi, kitakuwa imara kuliko kilivyotoka kiwandani, na bunduki itabaki na uzito wake. Mafuta ya kitani yatafuata, tabaka nne au tano, na moja zaidi kila mwaka kabla ya masika. Laminati uiagize kama ufa utaendelea baada ya hapo.

Ndiyo maana nakuomba, kabla hujatuma fedha popote, uziondoe skrubu zote, utoe chuma, uielekeze mbao ya nyuma ya mkia kwenye jua, unipigie picha kwa karibu ya upande wa ndani wa ufa. Nataka kuona kama umefika kwenye tundu la skrubu. Ukiwa haujafika, lete kitako peke yake kwa basi la Ijumaa, ukifunge kwenye kanga, na chuma kiache kimefungwa huko kwenye sanduku lake.

Mama yako anakusalimu, na bado hajajua habari ya rangi ya mdomo.

Baba yako