MASWALI YA GEMU: Biva wangu hawapandi juu ya jukwaa

SWALI: Habari ndugu mhariri, nacheza Timberborn, lile gemu la kujenga mji wa biva (wale wanyama wanaokata miti na kujenga mabwawa), wiki ya tatu sasa na nimependa sana, ila nimekwama. Nimejenga majukwaa marefu yale ya ghorofa tatu karibu na mto, nikaweka ghala juu yake, basi ghala halijengwi, limekaa tu hivyo hivyo siku nzima na mbao ninazo kibao. Nimeongeza wajenzi bado. Tena je, haya majukwaa yanaweza kuzuia maji maana ukame ukija mto unakauka wote na mazao yanakufa?

JIBU: Asante ndugu, na pole, hili limewakuta wengi. Tatizo lako sio mbao wala wajenzi, ni njia. Biva haruki, lazima apate njia inayofika mpaka mlangoni mwa ghala, na mlango uko kule juu kwahiyo njia nayo ifike juu kule kule. Ngazi moja inapanda kimo kimoja tu. Jukwaa lako lina vimo vitatu, kwahiyo unahitaji ngazi tatu zinazofuatana: ya kwanza inakaa chini kwenye udongo, ya pili inakaa juu ya jukwaa fupi la kimo kimoja, ya tatu juu ya jukwaa la vimo viwili, ndo unatokea juu. Halafu usisahau kuchora njia juu ya jukwaa lenyewe, wengi wanadhani mbao za jukwaa tayari ni njia, hapana, unaweka njia kama unavyoweka chini. Mlango ukiwa umeangalia upande mwingine zungusha jengo kabla hujalipanga.

Kingine, vitu vinajengwa kuanzia chini. Unaweza kupanga kila kitu siku moja, jukwaa na ghala na nyumba juu yake, ila cha juu kitasubiri cha chini kiishe, kwahiyo ngazi na majukwaa yape kipaumbele cha juu kabisa.

Kuhusu maji, jukwaa halizuii, maji yanapita chini yake kama kawaida, na kwa kweli hiyo ndo faida yake, unaweza kuvuka mto bila kuuziba. Ukitaka kuyashika maji jenga bwawa na matuta, maji yabaki nyuma yake ukame ukiingia. Ukitaka njia ya kuvukia tu, hapo ndo weka majukwaa.

Sasa naomba nikwambie kitu ambacho hukuuliza lakini naona kitakusaidia zaidi ya yote. Udongo unaolowa ni ule wa karibu na maji, na ukiwa juu sana ya maji unyevu haufiki mbali, kwahiyo ardhi ya kijani ni kidogo na ni mali. Mazao na miti haioti juu ya jukwaa, inataka udongo. Lakini nyumba, maghala, karakana, hivyo vyote havihitaji udongo hata kidogo! Mimi huwa nikiona mtu amejaza nyumba kando ya mto halafu analima mbali kwenye ukavu naumia kabisa. Pandisha watu juu, waachie karoti ukingo wa mto. Majengo mengi yana paa imara unaweza kurundika mengine juu yake bila hata jukwaa, ukileta jengo juu ya paa likawa jekundu ujue hapo hapafai.

SWALI: Nikibomoa jukwaa la chini, nyumba iliyo juu inabaki?

JIBU: Hapana, vilivyo juu vinaondoka pamoja nalo, angalia vizuri kabla ya kubonyeza.

SWALI: Ngazi zangu zimekuwa nyingi mno mji umekuwa kama mti wa vidaraja, kuna namna nyingine?

JIBU: Ipo, tangu Apdeti ya 7 ya mwaka 2025 biva wa kundi la Folktails wana kamba za kuteleza angani na wa kundi la Iron Teeth wana mabomba ya kusafiria, ila mwanzoni mwa mji ngazi na jukwaa fupi vinatosha kabisa, anza navyo hivyo.