Muulize Mzee wa Depo: Robo ya mafuta ya dunia ilitoka Meksiko?

SWALI: Shikamoo mzee. Hapa kijiweni kwetu Mbagala Rangi Tatu kuna ubishi. Mwenzangu anadai baada ya Vita Kuu ya Kwanza Meksiko ilikuwa ikitoa robo ya mafuta ya dunia nzima. Mimi nakataa, maana Saudia ilikuwa wapi? Na kama ni kweli, nini kiliiangusha, ni serikali kutaifisha zile kampuni? Halafu kuna kitabu kinaisifia Romania kwa milioni 8.7 tu mwaka 1936. Hizo nazo ni nyingi?
Dereva wa bodaboda, Mbagala

JIBU: Marahaba mwanangu. Mwenzako yuko sahihi. Mwaka 1921 Meksiko ilitoa kama mapipa milioni 193, na dunia nzima kama milioni 766. Gawanya mwenyewe utaiona robo. (Pipa la takwimu ni lita 159, si lile dramu la lita 200 unaloliona gereji.) Iliyoongoza ilikuwa Marekani, kwa mapipa kama milioni 472. Nchi mbili hizo zikabeba zaidi ya asilimia 85 ya mafuta yote. Saudia ilikuwa bado: kisima chao cha kwanza cha maana, Dammam namba 7, kilianza kutoa mafuta Machi 1938.

Hapo kwenye kuanguka ndipo nataka unisikilize vizuri, kwa sababu wengi wanaisingizia serikali. Rais Lázaro Cárdenas alitaifisha mafuta tarehe 18 Machi 1938. Lakini mwaka 1932, miaka sita kabla, Meksiko ilikuwa imeshashuka hadi mapipa kama milioni 33, chini ya asilimia 3 ya dunia. Aliyekuja 1938 hawezi kuwa ndiye aliyemwaga.

Kilichoua ni maji ya chumvi. Mafuta mengi ya Meksiko yalitoka kwenye ukanda mwembamba karibu na Tuxpan, kusini mwa Tampico, walioupa jina Faja de Oro, yaani Ukanda wa Dhahabu. Ni miamba ya chokaa yenye mapango, mafuta juu, maji ya chumvi chini, vyote vimebanwa kwa nguvu. Kisima cha Cerro Azul namba 4, Februari 1916, kilirusha mapipa kama 260,000 kwa siku. Kampuni za kigeni zilikuwa na viwanja vilivyopakana, na kila moja ilikuwa ikivuta mbiombio ili jirani asiwahi. Ukivuta hivyo, maji yanapanda nyuma ya mafuta.

Nimefanya kazi ya kupima matangi huku Kurasini. Kabla ya kupakia, unapaka dawa kwenye timazi ya utepe, unaishusha mpaka sakafu ya tangi, unasubiri, unavuta. Palipo na maji dawa inageuka nyekundu. Wekundu ukizidi wa jana, hufungui valvu yoyote mpaka maji yatolewe kwa chini. Kule ardhini hakuna bomba la kuyatolea. Yakishafika kinywani mwa kisima, kisima kimekwisha, na visima vya ukanda ule vilikwisha kimoja baada ya kingine.

Siasa nayo ilichangia, sikatai. Katiba ya 1917 ilisema mali ya chini ya ardhi ni ya taifa, kampuni zikaingiwa hofu. Desemba 1922 kisima cha Barroso namba 2 kilipofoka mafuta kwa nguvu huko Cabimas, Venezuela, kando ya Ziwa Maracaibo, fedha za kampuni zikahamia huko. Kabla ya 1930 Venezuela ilikuwa imeshaipita Meksiko. Na dunia haikusubiri: mwaka 1929 ilitoa karibu mapipa milioni 1,500, takriban mara mbili ya 1921. Yaani hata kama Meksiko ingebaki palepale, ile robo isingebaki.

Sasa Romania. Hizo milioni 8.7 ni tani. Tani moja ya mafuta ghafi ni mapipa saba na kitu, kwa hiyo ni mapipa kama milioni 64, wakati Meksiko mwaka huohuo ilipata kama milioni 41. Kwa dunia nzima hiyo ni asilimia tatu na nusu hivi, na ndicho kilele cha Romania katika miaka ile. Kitabu chako hakijadanganya. Tazama tu juu ya jedwali wameandika kipimo gani, kisha umwonyeshe na mwenzako.