Je, uvimbe unaweza kufa njaa?

SWALI: Shikamoo daktari. Mama anatibiwa saratani Ocean Road. Jirani yetu hapa Mbagala anasema mwili wenyewe una protini za kuunyima uvimbe chakula. Ni kweli?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mpe mama pole nyingi. Jirani hakukosea. Uvimbe ukifika milimita 1 au 2 hauendelei kukua bila mishipa mipya ya damu ya kuuletea chakula. Judah Folkman, daktari wa upasuaji wa Boston, Marekani, alilieleza hilo mwaka 1971. Maabara yake ikatambua protini iitwayo angiostatini mwaka 1994, kisha nyingine, endostatini, mwaka 1997, ambayo ni kipande cha kolajeni (protini inayoshikilia ngozi na mifupa), nazo zote mbili huzuia mishipa hiyo isichipue. Uvimbe wa panya ulinywea! Kwa binadamu, matokeo yalikuwa hafifu. Nakusihi, mama asikose dripu hata moja.