Nitajuaje Kwamba Wakati wa Kuacha Kazi Umefika?

Barua nilizopokea safari hii zimetoka kwa watu wa kazi tofauti kabisa, lakini karibu zote zinauliza jambo moja: mtu atatofautishaje siku mbaya, mwaka mbaya, na kazi ambayo imekwisha ndani yake ingawa bado anaihudhuria? Nimechagua 7 na kuzifupisha. Naomba kila msomaji asome jibu la mwenzake kabla ya kuhukumu kwamba halimhusu.

Swali: Mimi ni muuguzi. Naamka nimechoka hata nilipolala usiku kucha. Je, nimeichoka kazi, au nimechoka tu?

Anza kwa daktari, na ninasema hivyo kwa dhati kabisa. Upungufu wa damu, matatizo ya tezi ya shingo na sonona vyote huweza kuleta uchovu usioondoka kwa usingizi, na itakuwa huzuni kubwa kuacha kazi kwa sababu ya maradhi ambayo yangetibika.

Ikiwa mwili wako uko salama, itazame kazi yenyewe. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza, katika toleo la 11 la Ainisho la Kimataifa la Magonjwa, hali ya uchovu uliopitiliza wa kazini. Halikuiita ugonjwa, bali hali inayotokana na shinikizo la muda mrefu la kazi ambalo halikudhibitiwa, nayo ina sura 3: nguvu kukauka, moyo kujitenga na kazi hadi mtu akaidharau, na kuhisi kwamba hafanyi tena kazi yake ipasavyo. Sura ya kwanza wengi huitambua. Ya pili huingia kimyakimya, na kwa muuguzi inaweza kuonekana hivi: umeanza kumwita mgonjwa kwa namba ya kitanda chake, si kwa sababu una haraka, bali kwa sababu hutaki tena kulijua jina lake. Ukijiona umefika hapo, usijione mtu mbaya. Jione mtu aliyetumika kupita kiasi.

Swali linalofuata ni kwamba kimekuchosha kitu gani hasa. Wanasaikolojia Christina Maslach na Michael Leiter wameonyesha maeneo 6 ambako mtu na kazi yake huweza kupishana: wingi wa kazi, uwezo wa kuamua, malipo na kutambuliwa, uhusiano na wenzake, haki, na maadili. Naupenda mpangilio huu kwa sababu unaonyesha kwamba dawa si moja. Aliyelemewa na wingi wa kazi anaweza kuponywa na mabadiliko ya zamu au kuhamishiwa wodi nyingine. Anayetakiwa kila siku kutenda kinyume cha dhamiri yake hataponywa na likizo, hata ikiwa ndefu namna gani.

Niliwahi kufanya kazi mahali ambapo kwa miezi kadhaa nilikuwa nafika mapema kuliko wenzangu wote, kisha siingii. Nilikuwa nikiketi kwenye ngazi za ghorofa ya chini, mkoba mapajani, nikitazama mkono wa saa hadi dakika ya mwisho kabisa. Nilijiambia kwamba ninahitaji mapumziko, nikachukua likizo ya wiki 2, nikalala, nikacheka, nikarudiwa na hamu ya chakula. Asubuhi ya kwanza baada ya likizo nilijikuta nimeketi kwenye ngazi ileile, na mkoba uleule mapajani. Hapo ndipo nilipopata jibu langu. Chukua likizo yako kamili, bila simu ya kazi, kisha uangalie siku ya 3 baada ya kurudi. Nguvu ulizorudi nazo zikiwa bado zipo, ulihitaji kupumzika na pengine ratiba mpya. Zikiwa zimekwisha zote, tafuta chanzo kati ya yale maeneo 6, mweleze mkuu wako waziwazi jambo gani libadilike na kufikia lini, na ikiwa tarehe hiyo itapita bila kitu kubadilika, anza kutafuta.

Swali: Nina miaka 14 katika kampuni hii. Sina furaha hata kidogo, lakini kuondoka sasa si kuitupa miaka yote hiyo?

Ndugu yangu, miaka 14 umekwisha kuitumia, na haitarudi ukibaki wala ukiondoka. Watafiti Hal Arkes na Catherine Blumer waliandika mwaka 1985 kuhusu watu walionunua tiketi za msimu mzima wa michezo ya kuigiza. Baadhi yao walipewa punguzo bila kutarajia. Katika nusu ya kwanza ya msimu, waliolipa bei kamili walihudhuria michezo mingi zaidi kuliko waliopata punguzo, ingawa michezo ilikuwa ileile na fedha zilikuwa zimekwisha kulipwa kwa vyovyote. Nasi kazini tunafanya hivyohivyo: tunakaa kwa sababu ya gharama tuliyokwisha kulipa, si kwa sababu ya tunachokitazamia.

Hata hivyo, kuna jambo moja ambalo washauri wengi hulipita haraka. Ikiwa kiinua mgongo au pensheni yako itaiva baada ya muda mfupi, huo si wakati uliopita, ni haki iliyo mbele yako, na ni busara kuihesabu. Soma mkataba wako, ukamwulize mhusika kwa maandishi tarehe kamili. Kisha jiulize: kama leo ungekuwa nje, ukapewa nafasi hii hii, kwa mshahara huu huu na kwa watu hawa hawa, ungeipokea?

Swali: Mshahara unatosha, bosi ni mwema, lakini sijajifunza kitu kipya kwa miaka 3. Je, hiyo ni sababu ya kutosha?

Inategemea kazi hiyo inakulipia nini katika maisha yako. Ikiwa utulivu wake unakuwezesha kulea watoto, kusoma jioni au kumtunza mzazi, basi kazi isiyokufundisha chochote inaweza kuwa kazi nzuri sana kwa sasa, na usikubali kuonewa haya kwa hilo. Ikiwa haikulipii chochote zaidi ya mazoea, omba kwanza majukumu mapya hapo hapo ulipo, kwa sababu bosi mwema ni hazina ambayo huipati kila uendapo.

Kama ni uamuzi tu unaokushinda, nikupe jambo moja la kutafakari. Mchumi Steven Levitt wa Chuo Kikuu cha Chicago alialika maelfu ya watu walioshindwa kuamua mambo makubwa, kuacha kazi kukiwemo, wakubali kurusha sarafu. Walioangukiwa na upande wa kubadilika walielekea zaidi kubadilika kweli, na baada ya miezi 6 walieleza kuwa na furaha zaidi kuliko walioangukiwa na upande wa kubaki. Sikushauri urushe sarafu. Ninachokiona humo ni kwamba mtu aliyefikia kusitasita kwa muda mrefu huenda anauogopa mlango kuliko unavyostahili.

Swali: Mkuu wangu wa idara hunikemea na kunidhihaki mbele ya wenzangu. Jana nilitaka kuandika barua ya kuacha kazi hapo hapo. Nilikosea kujizuia?

Hukukosea hata kidogo, dada. Pole sana kwa unayoyapitia, na nakuomba ujizuie siku chache zaidi, si kwa ajili yake bali kwa ajili yako.

Unalotendewa lina jina. Mkataba Namba 190 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika tarehe 25 Juni 2021, unahesabu kuwa ukatili na unyanyasaji vitendo visivyokubalika, viwe vya mara moja au vya kurudiwa, vinavyokusudia, kusababisha au kuelekea kusababisha madhara ya kimwili, kisaikolojia, kingono au kiuchumi. Mkataba huo unazibana nchi zilizouridhia, kwa hiyo jambo la kuuliza ni kama nchi yako imo na sheria yenu ya kazi inasemaje. Nimeutaja kwanza ili usiendelee kuamini kwamba wewe ni mwepesi wa kuumia.

Sasa nunua daftari dogo na uliweke nyumbani. Kila tukio likitokea, andika siku hiyohiyo tarehe, saa, mahali, maneno yaliyotamkwa kama yalivyotamkwa, na majina ya waliokuwepo. Usiandike «alinidhalilisha», kwa sababu hiyo ni hukumu. Andika alichosema. Hifadhi nakala za ujumbe aliokutumia wewe, lakini usichukue nyaraka za siri za mwajiri, maana utampa silaha dhidi yako.

Sababu ya kukuzuia na barua ni hii: katika nchi nyingi sheria humtambua mfanyakazi aliyelazimika kuacha kazi kutokana na mwenendo wa mwajiri, na humtazama kama aliyeachishwa bila haki. Hata hivyo, ni juu yake kuthibitisha, na muda wa kudai mara nyingi ni mfupi. Barua ya hasira iliyoandikwa saa 10 jioni, ikitaja «sababu binafsi» ili yaishe, inaweza kukufungia mlango huo. Nenda kwanza kwa chama cha wafanyakazi au kwa wakili wa mambo ya kazi. Peleka malalamiko kwa utaratibu uliopo, kwa maandishi, nawe ubaki na nakala.

Lakini ikiwa umetishiwa kupigwa, umeshikwa mwili, au umefikia kuwaza kujidhuru, ondoka mahali hapo leo, mwambie mtu unayemwamini, mwone daktari. Mambo ya barua yatafuata.

Swali: Nafanya kazi saa 12 kwa siku, siku 6 kwa wiki. Mke wangu anataka niache. Mimi naona ni kwa muda tu. Nani yuko sahihi?

Hizo ni saa 72 kwa wiki. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalitoa makadirio ya pamoja kwamba kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki kunahusishwa na hatari ya kiharusi iliyo kubwa kwa takribani asilimia 35, na hatari ya kufa kwa ugonjwa wa mishipa ya moyo iliyo kubwa kwa asilimia 17, yakilinganishwa na saa 35 hadi 40. Mke wako anaona jambo ambalo takwimu zinalithibitisha.

Kuhusu hilo neno «kwa muda», lipe tarehe. Kaa naye, mkubaliane siku moja kwenye kalenda, muiandike mahali mnapoiona nyote wawili. Kisha mwulize mkuu wako kama kufikia siku hiyo saa zitapungua, na zitapunguzwa kwa njia gani. Akishindwa kukujibu, muda huo hauna mwisho.

Swali: Nimeambiwa nisaini hesabu ambazo najua si za kweli. Nina familia. Nifanye nini?

Usisaini. Kataa kwa heshima na kwa maandishi, pata ushauri wa wakili wiki hii hii, na uanze kutafuta kazi. Katika maswali yote ya leo, hili ndilo ambalo sina shaka nalo, kwa sababu saini itabaki kuwa yako hata baada ya aliyekuamuru kusahau kwamba alikuamuru.

Swali: Je, niache kazi kabla sijapata nyingine?

Kwa wengi, hapana. Aliye kazini hutafuta akiwa hana njaa, na huweza kuikataa nafasi mbaya. Lakini wapo ambao kazi imewamaliza kiasi kwamba hawana hata nguvu ya kuandika wasifu wao, na kuwaambia wavumilie tu si kuwasaidia.

Ukifikiria kuondoka bila kitu mkononi, fanya hesabu kwa kalamu. Orodhesha matumizi ya lazima ya mwezi: kodi ya nyumba, chakula, ada, deni, na bima ya afya ambayo pengine mwajiri ndiye aliyekuwa akiilipa. Gawa akiba yako kwa jumla hiyo, na namba utakayoipata ndiyo miezi uliyo nayo. Ipunguze kwa miezi 2, kwa sababu utafutaji huchukua muda mrefu kuliko tunavyodhani na dharura haziulizi. Kabla ya kutoa notisi, ishi miezi 2 kwa matumizi hayo tu, huku ukiweka akiba kinachobaki. Usipoweza kuishi hivyo ukiwa na mshahara, hutaweza bila mshahara.

Soma pia mkataba kuhusu muda wa notisi, malipo ya siku za likizo ulizolimbikiza, na kama kuna gharama za mafunzo utakazodaiwa. Ukikabidhi barua, mkuu wako anaweza kukupa nyongeza ya mshahara ubaki. Jiandae mapema kwa siku hiyo: wiki moja kabla, andika kwenye karatasi sababu zako zote za kuondoka, kwa mpangilio wa uzito, na ukae nayo. Nyongeza ikitajwa, omba usiku mmoja, uende nyumbani, uitoe karatasi. Ikiwa mshahara ndio mstari wa kwanza, zungumza naye. Ikiwa ni wa 4 au haumo kabisa, mshukuru kwa dhati, na umjibu asubuhi kwa maandishi kwamba siku yako ya mwisho ni ileile iliyotajwa kwenye barua.