Jibu: Vita vya nje vinawahusu nini wanachuo wa Mwanza?

Mkuu, umeuliza vita vya nje vinatuhusu nini sisi tunaosoma Mwanza. Vinatuhusu, ila si kwa mahema ya maandamano kama yale ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Columbia kule New York waliopinga vita vya Gaza, Aprili 2024. Hapa vinaingilia kwenye ada.

Goma, mashariki mwa Kongo, ilipotekwa na waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, kisha Bukavu mwezi uliofuata, benki za huko zilifungwa. Mzazi aliyeko huko ana hela, hazitoki. Mtoto wake anayesoma hapa Mwanza kapanga chumba Nyegezi, mwenye nyumba anagonga mlango, na ada bado. Halafu kwenye kikundi cha majadiliano anaulizwa, eti utani, "Wewe upande gani?" Kwa kuwa M23 inahusishwa na Rwanda, mwenye jina linalosikika Kinyarwanda ndiye anayekoma zaidi, hata kama kazaliwa Ngara. Mimi huo siuiti utani.

Gaza kelele zake ziko WhatsApp zaidi, ingawa Clemence Mtenga na Joshua Mollel, vijana wetu waliokwenda Israel kujifunza kilimo, waliuawa kwenye shambulio la 7 Oktoba 2023.

Kwa kuwa umesema wewe ni kiongozi wa darasa, anzia kwenye ada: msindikize mwenzako kwa mshauri wa wanafunzi mapema, aombe kulipa kwa awamu, kabla orodha ya wanaoruhusiwa kufanya mtihani haijabandikwa.